Sekunde ya Arobaini na Moja

Mlima tuliungoja asubuhi tatu.
Ya nne ukavua shuka lake la mawingu,
ukasimama karibu, mweupe, kama mtu aliyekuja kudai,
na simu ya Elinami ikazima chaji.

Basi wimbo wetu hauna mlima.
Una ukuta wa nyumba ya kupanga, huku Pasua,
una kamba ya nguo, una bata wa jirani,
una toroli la sokoni tulilolikodi kwa buku mbili:
nilikaa ndani, simu mkononi, magoti kidevuni,
Elinami akanisukuma polepole
kumfuata Ndeshi anayeimba akitembea.
Kila jiwe la ua ule limo kwenye picha.
Ukitazama vizuri utayahesabu.

Mwanga tuliukinga kwa ungo
tulioubandika makaratasi ya fedha ya pakiti za sigara.
Mshika ungo, Kiure wa darasa la tano,
malipo yake andazi,
akapiga chafya mara mbili, zote kwenye kiitikio.

Sasa ni usiku, nakata.
Laptopu ya kuazima, feni inalia kama mashine ya kukoboa,
herufi N imeng'oka, kwa hiyo faili linaitwa "deshi"
na kweli deshi tumepiga tangu mchana.
Midomo inatangulia sauti.
Nasogeza kidogo, sauti inatangulia midomo.
Nasogeza nusu ya kidogo.
Hapo, kwenye upenyo usiopitisha unywele,
dada yangu anakuwa mtu mmoja.

Vipande kumi na tisa.
Katika kumi na nane anaimba kama anayejua anapigwa picha,
shingo imekakamaa, jicho linaniuliza: sawa?
Kimebaki kimoja,
na katika hicho, sekunde ya arobaini na moja,
geti linafunguka,
anaingia Mzee Mbazi mwenye nyumba,
daftari la kodi kwapani,
kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu.

Anasimama nyuma yake. Hajui aende wapi.
Ndeshi amemwona. Naona kwamba amemwona.
Miezi miwili hatujalipa.
Na hapo ndipo sauti
(hapana, sauti tuliirekodi zamani,
kabatini, blanketi juu ya kichwa)
hapo ndipo uso unaifikia sauti.
*Unachonidai ninacho, ila hakihesabiki.*
Tuliutunga wa mapenzi, naapa.
Anamwimbia mwenye nyumba.

Nikajaribu kumtoa.
Nikavuta picha karibu, akabaki bega.
Nikambandika jani la mgomba,
daftari likaelea peke yake hewani kama shetani wa mahesabu.
Nikafifisha rangi, kandambili zikakataa kufifia.
Saa nane umeme ukakatika.
Sikuwa nimehifadhi.

Asubuhi nikamfuata kwake na simu.
Nikamwambia: mzee, umo. Ukikataa, hatuna wimbo.
Akavaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili
kama sahani ya supu.
Akatazama hadi mwisho bila neno.
"Kandambili zinaonekana?"
"Zinaonekana, mzee."
"Ungesema mapema. Nina viatu."

Akataka irudishwe. Ikarudishwa.
Mara ya tatu hakutazama kandambili.
"Huyu binti, hapa, ananiambia mimi?"
Nikatazama bata.

"Kodi bado," akasema, akanirudishia simu,
akaingia ndani, mlango ukafungwa.
Nimefika barabarani ndipo akaniita,
daftari limefunguliwa, kalamu mdomoni.
"Hiyo sehemu yangu. Ina sekunde ngapi?"
"Tisa, mzee."
"Tisa," akasema,
akalamba ncha ya kalamu,
akaandika.